Dua ya Sataranji

Mama alikuwa ameshatandika mikeka barazani nilipofika nyumbani Msambweni kutoka kazini Diani. Kahawa ilikuwa motoni, visheti vimepangwa kwenye sinia, chetezo kinafuka ubani. Kesho yake nilikuwa na mashindano yangu ya kwanza ya sataranji ya kukaa ana kwa ana na watu, na mama hakubali mtoto wake aende popote pa maana bila kusomewa dua. Mimi ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini kwa mama hiyo si hoja.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Sataranji nilijifunza kwenye simu, nikicheza na mashine. Siku niliyoishinda katika kiwango chake cha juu kabisa, nilimwonyesha mama neno la ushindi kwenye kioo. Sikumwonyesha kitufe cha kurudisha nyuma. Kila nilipokosea nilikibonyeza, nikacheza upya, nikabonyeza tena, mpaka kosa likaenda upande wa mashine. Nilijiambia kwamba ndivyo watu wanavyojifunza. Mama naye akawatangazia wateja wake wote wa mahamri kwamba mwanawe ameishinda kompyuta. Nikawa naitwa bingwa njiani, na mimi naitika.

Wiki ya maandalizi ndiyo iliyoniumbua. Mhudumu mwenzangu wa hotelini, mtu wa bara mwenye ubao wa kweli na kete za mbao, alijitolea kunizoeza baada ya zamu. Katika mchezo wetu wa kwanza nilisogeza farasi, nikaliona kosa, nikamrudisha alikotoka bila hata kufikiri. Akaweka kiganja juu ya ubao.

"Buda, hapo huwezi rudisha. Umegusa, umecheza."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Tulicheza kila jioni na sikumshinda hata mara moja. Kila nilipokosea kidole gumba kilinicheza chini ya meza, kinatafuta kitufe. Mwishowe aliniuliza, kwa upole tu, hiyo mashine niliishinda vipi. Nikamwambia simu yenyewe ilikuwa ya zamani. Lilikuwa jibu la kijinga, na yeye akaanza kupanga kete upya, jambo lililoniuma kuliko kama angenicheka.

Basi majirani wakaketi. Maalimu wa madrasa, ambaye alikuwa ameshamuuliza mama kama mchezo huo una kamari ndani yake, akasafisha koo na kuinua mikono. Alisoma vizuri, mashallah, mpaka akafika kwenye haja yenyewe.

"Ya Rabbi, mja wako huyu umempa akili ya kuishinda mashine. Mjaalie awashinde na wanadamu."

Watu wakaitikia amin. Mama aliitikia macho kayafumba, machozi yanamlenga. Nami nikaitikia, tena kwa sauti, maana jirani aliyeketi kando yangu alikuwa akinitazama. Sijawahi kuona haya kama zile. Mama nilikuwa nimeshamdanganya. Sasa nilikuwa nimeketi kitako, mikono juu, namdanganya Mungu mbele ya sinia la visheti.

Watu walipotawanyika nilimfuata mama uani alikokuwa akiosha vikombe, nikamweleza yote, pamoja na kile kitufe. Hakunikemea. Aliendelea kusuuza hadi kikombe cha mwisho.

"Na ile amin yako," akasema, "ulikuwa ukiitikia nini?"

Nikamwomba basi nisiende, tuwaambie watu naumwa. Akasema nitakwenda, na nikishindwa nitarudi niwaambie kwa kinywa changu mwenyewe, na habari ya kitufe nisiiache. Kisha akajifuta mikono kwa leso, akainua mikono hiyo palepale kando ya karo.

"Ya Rabbi, msitiri mwanangu."

Safari hii hapakuwa na mtu wa kunitazama. Nikasema amin, na hiyo niliitaka kweli.