Mbwa Aliyekataa Marumaru

Mimi ndiye niliyebomoa tembe la mama, tena kwa mbwembwe. Nilikuwa nimemjengea nyumba ya matofali ya kuchoma, bati la rangi, na sakafu ya marumaru inayong'aa mpaka unajiona pua. Lile tembe, kuta za udongo, paa bapa la udongo na jiko humo humo ndani, lilinitia aibu. Wenzangu wa Manyoni waje kumsalimia mama walikute limesimama? Thubutu! Nikaita mafundi, siku mbili likawa tambarare, na mahali pake nikapanda maua. Upepo uliyakausha wiki ile ile.

Mama aliomba tu miti ya tembe isichomwe, akajengewa kibanda cha kupikia nyuma ya nyumba. Nilimkubalia huku nikicheka, nikamwambia wazee hamuachi mambo yenu.

Aliyelalamika ni mbwa. Alikuwa mzee tayari, dume la rangi ya udongo, aliyelinda mbuzi wa mama mpaka meno yakamwisha. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, akaanza kuchechemea mguu wa nyuma. Kuamka kwake ikawa kazi: anatanguliza miguu ya mbele, anatulia, anatetemeka, kisha ndiyo anauvuta mgongo. Kwenye marumaru ndiyo kabisa. Siku moja miguu ilimtawanyika sebuleni, akaanguka, akajikojolea pale pale. Nikamfokea, Mungu anisamehe. Mjomba, kaka yake mama, akasema mbwa asiyeweza kusimama ni wa kupumzishwa, na rungu analo.

Mama akanivuta pembeni. "Mfanye asimame, mwanangu. Nakuomba."

Kesho yake nikamleta bwana mifugo kwa pikipiki. Akamwamkia mama, akachuchumaa, akampapasa mbwa kiungo kimoja baada ya kingine. Mbwa akalia kidogo alipofika nyonga. "Ni viungo vya uzee," alisema. "Haviponi, ila maumivu yanapungua." Mimi kwa kiherehere changu nikatoa mkobani vidonge vyangu vya mgongo, nikauliza nimpe viwili au kimoja.

"Hapana, dada! Hivi vya watu vitamtoboa tumbo."

Akamchoma sindano, akanipa maagizo: alale pakavu penye joto, asikanyage panapoteleza, atembezwe kidogo kidogo kila siku. Halafu akauliza, "Zamani alikuwa analala wapi?"

"Ndani ya tembe, kando ya jiko."

"Basi mrudisheni huko huko."

Nikamwonyesha kwa kidole yale maua makavu. Aliyatazama, akafunga mkoba wake.

Niliomba ruhusa kazini nikabaki. Nilitandika magunia sebuleni, nikashindilia moja nyasi kavu likawa godoro. Mbwa akalikataa. Alijiburuta hadi kibandani, akajilaza kando ya mafiga, kwenye majivu yenye joto. Mama akahamishia mkeka wake huko. "Nitalala naye," alisema, "akitaka kutoka nimwinue." Nikasema haya, ni siku chache tu.

Asubuhi tulimpitishia kanga chini ya tumbo, mimi huku na mama huku, tukamwinua na kumtembeza taratibu. Mama alichoka upesi, nikamtania kwamba mbwa anamshinda. Siku ya tano tukailegeza kanga, na mbwa akaenda mwenyewe mpaka zizini kunusa mbuzi. Mama alipiga makofi kama mtoto. Jamani, nilijiona daktari.

Haikuchukua wiki mbili. Asubuhi moja alitanguliza miguu ya mbele, akatulia, akatetemeka, na mgongo haukuja. Nilimpigia simu bwana mifugo. Hakuwahi. Mbwa alikufa kabla uji haujaiva, kichwa kikiwa kwenye kanga ya mama. Tulimzika karibu na zizi. Nililia mpaka mjomba akaona haya kwa niaba yangu. Mama hakulia, alishikilia mti wa zizi kwa mikono miwili mpaka tukamaliza kufukia.

"Sasa urudi kulala ndani," nilimwambia wakati wa kuaga.

"Nitarudi."

Mwezi uliofuata nilikwenda bila kumwarifu, Jumapili asubuhi. Nikapita moja kwa moja chumbani kwake. Kitanda kilikuwa vile vile nilivyokitandika, shuka halina mkunjo hata mmoja, vumbi juu ya mto. Nikazunguka nyuma. Mkeka ulikuwa kibandani, kando ya mafiga, na mama juu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngoja niamke."

Akatanguliza mikono. Akatulia. Akatetemeka. Kisha akaushika mti mmoja wa tembe ulioegemea ukuta, akauvuta mgongo taratibu, meno ameyauma. Nilibaki mlangoni nimeshika mfuko wa mkate. Mbwa nilimletea mtaalamu, nikambeba kwa kanga, nikayajua maumivu yake kiungo kwa kiungo. Mama nilimtania.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu baridi ya yale mawe yako ya chini."

"Mbona hukuniambia?"

Alinyoosha kanga yake kiunoni, akaja mlangoni akichechemea kuupokea ule mkate.

"Ulikuwa umefurahi sana na hiyo nyumba," alisema.