Njia ya Kwenda na Njia ya Kurudi

Baiskeli yangu niliinunua Mutsamudu, mji usiokuwa na haja nayo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameitundika ukutani dukani kwake, maana katika vichochoro vya mji wa kale, pale chini ya ngome, watu wawili wenye mizigo hupishana kwa kuombana radhi. Nilisomesha huko kwa muda, na nilizoea jambo moja: katika vichochoro vile, mtu akija nyuma yako unamjua kwa viatu vyake kabla hujageuka. Nilipoivusha baiskeli hadi kisiwa chetu cha Ngazidja na kuanza kuiendesha kwenye barabara zake, hilo ndilo nililolikosa. Barabarani humjui aliye nyuma yako. Unasikia mnyororo tu.

Ilikuwa miaka ya wale askari wa kukodiwa, waliotua pwani yetu mwaka wa sabini na nane na wasiondoke. Vijana wetu walivalishwa sare nyeusi, wakawekwa chini ya wakubwa wa kizungu, wakaitwa walinzi. Watu wakajifunza kuzungumza habari ya mvua. Sisi tuliokulia Unguja tukarudi kwetu tulitazamwa zaidi, kwa kuwa hatukuwa na rafiki wa utotoni wa kutuamini wala wa kutusemea.

Nilikuwa nimeoa Ikoni, kusini kidogo ya Moroni, na kama ilivyo desturi ya Ngazidja nilikaa nyumbani kwa mke wangu. Nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huingia na sanduku lake. Mkuu wa nyumba hiyo hakuwa mimi, wala hakuwa mke wangu kwa ukamilifu, bali mjomba wake, ambaye alikuja kila asubuhi kunywa chai na kutazama kama kuta bado zimesimama.

Asubuhi nilisomesha Moroni. Baada ya sala ya alasiri nilipanda baiskeli kwenda kaskazini, hadi Ntsoudjini, kwa mwalimu mmoja mzee aliyekuwa amepofuka. Nilikuwa namsomea Kurani yote kwa kisomo alichokipokea kwa walimu wake, ili anipe idhini ya kuwasomesha wengine. Katika sehemu zetu zile hapakubaki mwingine aliyekuwa na sanadi ile, mlolongo wa mwalimu hadi mwalimu, na kifua chake kilikuwa kibaya. Kila siku nilipofika nilisikiliza kwanza kikohozi, ndipo nikabisha hodi. Kama angefariki kabla sijamaliza, kisomo kile kingezikwa naye.

Zamani mlango wake ulijaa wanafunzi. Kisha Ijumaa moja alisema msikitini kwamba mlango wa Mwislamu haupasi kulindwa na bunduki ya mgeni. Hakuna aliyemgusa. Aliambiwa tu apumzike, na wanafunzi wake mmoja mmoja wakapata shughuli nyingine. Nilibaki mimi, na kwa sababu hiyo sikumwambia mtu yeyote Ikoni niendako, hata mke wangu. Niliona kwamba asiyejua hawezi kuulizwa.

Njia yenyewe naikumbuka kuliko mafundisho mengi. Kutoka Moroni unakwenda na bahari mkono wa kushoto, mawe meusi ya volkano upande mmoja na kuta za mashamba upande wa pili. Changarawe yake ni kali kama chupa iliyovunjika, na mimi nilikuwa na viraka mfukoni kama wengine walivyo na tasbihi. Kanzu niliikunja na kuifunga kiunoni ili isiliwe na mnyororo. Ukifika Itsandra mchanga unageuka mweupe ghafla, upepo unakupiga usoni, kisha barabara inaanza kupanda. Hapo nilishuka na kusukuma, na sikuona aibu.

Kurudi nilipita juu. Ni njia ya mashamba, vumbi na mizizi, kati ya migomba na milangilangi. Saa za jioni harufu ya maua ya langilangi huwa nzito hata ukahisi unaipasua kwa kichwa. Inatokea juu ya Moroni, halafu unateremka kupitia Mde mpaka Ikoni ukiwa na breki mkononi na dua mdomoni. Sikupita huko kwa uzuri wake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, siku ya Idi alikwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na wanazuoni wetu wakaipendekeza sunna hiyo hata katika kumzuru mgonjwa na kuitafuta elimu. Wengine wamesema ni ili njia zote mbili zikushuhudie siku ya Kiyama. Nilifundishwa hivyo utotoni na sijaiacha.

Basi yule mtu alianza kuonekana mwezi wa mvua za kwanza. Alikuwa na baiskeli nyekundu, kofia ya ukindu, na suruali iliyofungwa kwa kamba kifundoni. Nikisimama kujaza upepo, naye anasimama kukojoa. Nikienda pole, yeye anaona viatu vyake vinahitaji kukazwa. Hakusalimia. Katika kisiwa chetu mtu asiyesalimia njiani ama ana msiba ama ana kazi ya siri, na msiba hauchukui wiki nzima kwenye baiskeli.

Nikaanza kumshuku kila mtu. Muuza mkate wa Itsandra aliponiuliza habari za nyumbani nilijiuliza nyumbani kupi. Mjomba naye, akiwa na kikombe chake, alisema asubuhi moja, "Baiskeli yako ina vumbi jekundu, mkwe wangu. Barabara ya Moroni haina vumbi jekundu."

"Nilipita juu, mjomba."

"Juu kuna nini?"

"Kuna kivuli."

"Kivuli," akasema, akamtazama mke wangu. Mke wangu akaendelea kuchambua mchele.

Nilimweleza mwalimu wangu kuhusu mtu wa baiskeli nyekundu, nikamuuliza kama tusimamishe masomo kwa muda. Alikohoa, akapumzika, akasema, "Wewe una muda?" Nikajibu kwamba muda ni wa Mwenyezi Mungu. Akasema, "Basi soma." Tulikuwa katika sura ya Yasin. Nikasoma.

Siku chache baadaye nilikuta kizuizi karibu na kambi ya walinzi, kabla ya Itsandra. Palikuwa na mapipa mawili, ubao juu yake, kijana wetu mwenye sare nyeusi, na mzungu ameketi garini mguu nje, akimenya chungwa. Yule kijana alinijua kwa sura, sikujua vipi.

"Fundi, tunakuona kila siku unapanda," alisema, maana kwetu mwalimu huitwa fundi. "Kushuka hatukuoni. Unayeyuka?"

"Narudi kwa njia ya juu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza sunna. Alinisikiliza kwa adabu, maana naye alikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, kisha akamtafsiria mzungu kwa Kifaransa. Mzungu akasema neno fupi bila kuacha chungwa lake.

"Anasema hiyo ndiyo njia ya mtu anayekimbia macho," kijana akasema. "Nami nakuomba, fundi, usinitie matatani. Unakwenda kwa nani?"

Uongo sikuuweza, na ukweli ulikuwa na jina la mzee kipofu ndani yake. Nikaona wazi kwamba nikilitaja, jioni hiyo hiyo gari lile litapanda Ntsoudjini, na kama halitamchukua yeye litanizuia mimi. Kwa vyovyote kisomo kimekwisha. Nikashika usukani wa baiskeli na kusoma moyoni. Nyuma yangu nikasikia mnyororo.

Yule mtu wa kofia ya ukindu alifika akihema, akashuka, akatusalimia sote kwa mara ya kwanza. Nikasema moyoni, sasa mwenye kazi amekuja kutoa habari zake.

"Mnamsumbua bure huyu," alimwambia askari. "Ana mke mdogo Ntsoudjini."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi nalima shamba la vanila la mjomba wa mkewe. Nimetumwa nimfuate nijue ni nyumba ipi. Mguu wangu umeisha kwa kilima hiki, wallahi, na yeye kila siku ananipotea kule juu."

Askari akacheka mpaka bunduki ikateleza begani. "Njia moja ya kwenda, nyingine ya kurudi! Na sunna juu yake!" Akamtafsiria mzungu, na mzungu akacheka pia, akatupa maganda, akatoa ishara kwa kisu chake kwamba nipite.

"Fundi," kijana akaniambia huku akiinua ubao, "mke wa pili si kosa. Mbona ulikuwa unatetemeka?"

Sikusema ndiyo wala hapana. Nikapita.

Nilipofika nyumbani magharibi imekwisha adhiniwa, na habari ilikuwa imenitangulia. Mke wangu alikuwa peke yake. Alinipa maji ya kutawadha kutoka birika la maji ya mvua la uani, nalo lilikuwa karibu kukauka kwa kiangazi kifupi kilichokatiza mvua, akangoja nimalize kusali. Ndipo akasema, "Nasikia nina mwenzangu. Ni wa ukoo gani?"

Nikamwambia yote: mzee, macho yake, kifua chake, Ijumaa ile, na kiasi kilichobaki kusomwa. Alisikiliza bila kukatiza. Nilisema kesho nitamweleza mjomba ili heshima yake irudi.

"Mjomba hawezi kuweka siri hata ya bei ya samaki," alisema. "Ukimwambia, keshokutwa wanajua kambini. Waache waamini walivyoamini. Mwanamume mwenye mke wa pili hakuna anayemuuliza siasa."

"Na wewe? Watakusema."

"Watanisema. Wewe maliza kusoma, baba watoto."

Walimsema kweli. Wanawake walimpa pole kwenye harusi, wengine kwa huruma na wengine kwa furaha. Dada zake walimletea dawa za kumrudisha mume. Shangazi mmoja, mwenye ulimi, alimuuliza mbele ya watu mke mwenza ana sura gani, naye akajibu, "Sura sijaiona. Wanasema haoni vizuri, lakini anasoma vizuri sana." Wakacheka, wakadhani ni uchungu. Mjomba alikunywa chai yake akiwa amenipa mgongo. Kizuizini askari wakawa wananifungulia kabla sijashuka, na mmoja aliniuliza kama nyumba ya huko ina dada ambaye hajaolewa. Nilikuwa bado nawashuku wote, kwani kicheko cha mwenye bunduki kina mwisho. Kila siku nilitazama kama gari limegeuzwa upande wa kilima.

Halikugeuzwa. Tulimaliza jioni moja ya mvua, sauti yangu ikishindana na bati. Mzee akanitajia walimu wake, mmoja baada ya mwingine, akisimama kuvuta pumzi, na mwishoni akalitia jina langu. Akauliza ni nani aliyenisaidia kufika. Nikamtajia mke wangu na aliyoyabeba. Akainua mikono akamwombea kwa jina lake na la mama yake, dua ndefu kuliko aliyoniombea mimi. Hakukaa sana baada ya hapo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kabla mzee hajafariki, mke wangu aliniambia kwamba kisomo kimekwisha, sasa nimpeleke mjomba kwake. Tulikwenda kwa gari. Mjomba alikuwa amevaa joho, kama aendaye kudai haki. Nikabisha hodi, tukaingia, akamkuta mzee amelala kando ya ukuta, macho meupe, akiuliza, "Ni nani aliyekuja na fundi wangu?"

Mjomba alimtambua. Alirudi hadi mlangoni, akatazama barabara juu na chini, akaufunga mlango mwenyewe.

"Afadhali ungeoa," aliniambia kwa sauti ya chini.

Kisha akavua viatu, akaketi mkekani karibu na mzee, akaubusu mkono wake.