Karatasi Iliyomsema Mla Michembe

Vita vya Kagera vilinikuta kijana wa Ushirombo, mwenye domo refu na mfuko wa michembe aliyonifungashia mama: viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani mpaka vikawa vikavu kabisa, vikavu gete. Handakini tulikuwa wa Kahama na Shinyanga watupu, isipokuwa Mganda mmoja, mkimbizi aliyejiunga nasi ili arudi kwao. Bwana huyo alivyokuwa anaila michembe yangu, we acha tu! Mkono ulikuwa hautoki mfukoni.

Asubuhi moja ndege ya adui ikapita. Tukalala chini kungoja bomu, yakashuka makaratasi. Nikaokota moja nikalisoma kwa sauti: "Askari wa Tanzania! Waganda mlio nao wanakula chakula chenu, nyinyi mnakufa. Na mkifa hawatawazika!"

Lo! Handaki zima likaangua kicheko. Habari za michembe wamezijuaje? Kwetu mtu anayekuumbua hadharani namna hiyo, tena kwa ulafi, ni mtani wako. Unamjibu, mnacheka, mnakula pamoja. Basi tukamgeukia Mganda wetu, kila mmoja na lake. Mlafi wewe, hata rubani huko juu kakuona!

Yeye hakucheka. Utani wetu hakuujua. Jioni akachukua sahani yake akaenda kula peke yake, bunduki mapajani, na kesho yake vilevile. Hapo nikaingiwa na hofu. Adui alitaka tumpoteze mwenzetu, na sisi tulikuwa tunamsaidia kwa vicheko. Na mimi yule mtu nilimpenda.

Nikamfuata na mfuko wangu. "Ndugu yangu, umenuna?"

"Mmeamini kwamba sitawazika."

"Nani kaamini? Kwetu anayetaniwa ndiye ndugu. Haya, nitukane na mimi."

Akautazama mfuko wangu. Kisha akasema polepole, "Michembe ya mama yako ni migumu kama soli ya buti."

"Ehee! Ongeza!"

Akaongeza, akaitukana na pua yangu. Halafu mkono ukarudi mfukoni, nami nikashusha pumzi.

Vita vikaisha, akabaki kwao. Miaka ikapita. Mama alipougua sana nilimpelekea Mganda wangu habari kwa madereva wa malori, sikutegemea kitu. Siku ya mazishi, jeneza limeshafika kaburini, mtu akapenya katikati ya waombolezaji, akaketi ukingoni, miguu ndani ya kaburi.

"Hazikwi mtu hapa!" akapiga kelele. "Mimi Mganda, sikuja kuzika, nimekuja kula! Michembe iko wapi?"

Bibi zetu wanamjua mtani wakimwona, maana kwetu ndiye anayezuia maziko kwa mzaha. Wakacheka huku wanalia, mmoja akakimbia kumletea sahani. Akatafuna mchembe mmoja, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Kisha akainuka, akavua koti, akashika koleo, na hakumwachia mtu mwingine mpaka kaburi la mama likajaa.