Ruta Iliyowajibia Wote

Hospitali nzima tulimwita Mzee Nyaya, ingawa siku alipobandikwa jina hilo hakuwa hata na mvi. Alikuwa fundi wa kebo za kompyuta. Ukimtafuta, unatazama juu: ukiona kipande cha dari kimeondolewa na miguu miwili imesimama kwenye ngazi bila kichwa, ndiye huyo. Soksi zake hazikuwahi kufanana. Mkewe alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, na alikuwa akilalamika mbele ya watu, "Mashuka mia tatu nayapanga kila siku, lakini soksi za mtu mmoja zimenishinda!"

Mimi nilifika pale na cheti changu kipya cha mitandao, nikawekwa kuwa mkuu wake. Umri wangu ulikuwa wa binti yake. Wengine wangeninunia, yeye wapi! Aliniita Bosi Mwanangu, utani na upendo pamoja, na mambo niliyoyakariri chuoni yeye ndiye aliyenifanya niyaelewe.

Kama hili la anwani. Kila kompyuta ina namba tunayoipa sisi, na ina namba nyingine iliyotoka nayo kiwandani. Ili kompyuta ya mapokezi iipelekee maabara kitu, lazima kwanza ijue namba ya kiwandani ya maabara. Inaijuaje? Siku moja Mzee Nyaya alinivuta hadi ukumbi wa mapokezi, akasimama katikati ya wagonjwa, akapaza sauti: "Nani ana kadi namba hamsini na tatu?" Watu wote wakageuka. Mama mmoja akanyoosha mkono.

"Umeona?" akaniambia. "Wamesikia wote, kajibu mwenyewe tu. Sasa nimeshamjua, sina haja ya kupiga kelele tena. Baada ya muda nitamsahau, nitauliza upya. Basi, mtandao wenyewe ndio huo."

Yule mama akasimama na mkoba wake, akauliza kama zamu yake imefika. Ilibidi tumwombe radhi.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokichukia. Ruta, ile mashine inayounganisha jengo na jengo, inaweza kupangwa iwajibie walio mbali. Ikisikia swali la nani ana namba fulani, inasema "ni mimi", inapokea mzigo, halafu inaupeleka kwa mwenyewe kule jengo la pili. Njia ya mkato hiyo, na mafundi wengi huitumia. Yeye hakutaka kuisikia. "Mimi simjibii mtu," alikuwa akisema huku akijikung'uta vumbi la dari kichwani. "Aulizwe mwenyewe, ajibu mwenyewe." Mimi nikaona ni ukaidi wa watu wa zamani.

Jengo jipya la watoto lilipokamilika, nilitakiwa niwe nimeliunganisha kabla ya Jumatatu. Nikaishika njia ile ile ya mkato. Niliipanga ruta iwajibie wote wa jengo jipya, lakini katika kuandika mpaka wa namba nilikosea tarakimu moja, na mpaka ukatanuka ukaimeza maabara iliyokuwa jengo la zamani. Sikukagua. Nilikuwa na haraka, na nilijiona najua.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, majibu ya maabara yakaanza kupotea. Kompyuta za wodini zikiita maabara, walikuwa wanaitikia wawili: maabara yenyewe na ruta yangu. Aliyeitikia mwisho ndiye aliyeaminiwa, kwa hiyo mara mambo yanakwenda, mara hayaendi. Wodini kulikuwa na msichana wa miaka tisa, ameandaliwa kwa upasuaji, na daktari hakukubali kumgusa bila majibu ya damu. Mama yake alisimama kwenye korido saa tatu nzima, amekumbatia viatu vya mtoto.

Kwa bahati mbaya, asubuhi hiyo Mzee Nyaya alikuwa juu ya dari ya maabara, akibadilisha kebo chakavu. Nani asingefikiri ni kebo? Mimi mwenyewe nilimpigia simu nikamwambia akague kila kiungo. Ilinichukua hadi karibu na saa sita mchana kufikiria kukagua kazi yangu. Nilipofungua orodha ya nani ni nani, niliona namba arobaini, za maabara zikiwemo, na mbele ya kila moja namba ile ile ya kiwandani. Ya ruta yangu. Nikafuta mstari mmoja tu, nikaenda kunawa uso. Kompyuta zikaanza kusahau jibu la uongo, moja baada ya nyingine, na majibu ya damu yakafika. Mtoto alifanyiwa upasuaji, akapona.

Jioni mkurugenzi alituita. "Nasikia leo nyaya za maabara zilikuwa zinaguswa. Ni kweli?"

Nikasema, "Ndiyo, zilikuwa zinaguswa."

Hilo tu. Hakuna neno la uongo ndani yake, na ndivyo nilivyojifariji njia nzima ya kurudi nyumbani. Mzee Nyaya alikuwa mbele yangu, ng'ambo ya meza. Alinitazama. Alisubiri kidogo. Kisha akatazama mikono yake.

Walimwondoa kwenye kazi ya ufundi, wakampeleka stoo ya vitanda vibovu, akamalizia huko miaka yake miwili hadi kustaafu. Kule chini, mkewe alipigwa vijembe. "Nusura mumeo aue mtoto wa watu," walimwambia huku wanakunja mashuka. Akaacha kula kantini, akawa anakula peke yake nyuma ya mashine za kufulia. Nilimwona mara nyingi. Kila nikimwona nilijiambia, wiki ijayo nitasema. Wiki ijayo ikawa miaka sita. Mimi nikapandishwa cheo. Mwaka jana mkewe alifariki, nami nikatuma ujumbe wa rambirambi kwa simu, sikuthubutu kwenda.

Mwezi uliopita ukuta mmoja pale hospitali ulitakiwa kubomolewa, na hakuna aliyejua kebo zimepita wapi, isipokuwa daftari la Mzee Nyaya. Nikajikaza, nikaenda kwake. Alinipokea vizuri, akanipa daftari, akaingia jikoni kuchemsha chai. Nikawa napekua. Kila siku ya kazi ilikuwa na mistari yake. Nikaifikia Jumatatu ile.

"Saa 5:50. Nimetazama kompyuta ya mapokezi. Anayejibu ni ruta, si maabara. Nakwenda kumwambia. Saa 6:05. Amesharekebisha. Atasema mwenyewe."

Alirudi na vikombe viwili, mguu mmoja soksi ya kijani, mwingine nyeusi.

"Mzee, siku ile ya maabara," nikasema. "Ilikuwa ruta. Ilikuwa mimi."

"Najua, Bosi Mwanangu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nikujibie? Si nilikwambia simjibii mtu?" Alijaribu kucheka. Akakaa, akakoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. "Mama watoto alikuwa akiniuliza. Akirudi kutoka kule chini ananiuliza, ni wewe kweli? Namwambia si mimi. Anasema, basi ni nani? Nanyamaza. Nilijua utakuja. Nilitaka uje useme yeye akiwepo." Akaweka kijiko mezani. "Amekufa akiamini ni mimi."

Nililia mbele yake, na hakunikataza.

Kesho yake nilikwenda kwa mkurugenzi nikasema yote, bila kujitetea. Sitaeleza alichonifanya, nilistahili. Niliomba barua ya kumsafisha jina Mzee Nyaya, ikaandikwa, ikapigwa mhuri, nikampelekea kwa mkono wangu. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaikunja vizuri, akaniuliza ampe nani aisome.