Herufi P Chini ya Ubao

Georgine Kratochvil hakuwahi kumtajia mtu bei kabla ya kuupindua ubao. Wateja waliomletea kazi katika gereji yake ya Berwyn walidhani anatafuta nyufa. Nyufa alizitafuta, ndiyo, lakini kwa miaka kumi sasa macho yake yalikuwa yakitafuta kitu kingine kwanza. Alikuwa akitafuta mwandiko wa mdogo wake, Rudy.

Kazi yake ilikuwa kupaka klia, ile vanishi ngumu ya magari, juu ya mbao za mashine za pinboli, zile za mchezo wa gololi. Ubao wa namna hiyo umechorwa rangi nzuri nzuri, na gololi ya chuma hukimbia juu yake mchana kutwa. Miaka ikipita, gololi huila rangi mpaka mti unaonekana, hasa mbele ya vile vipigio viwili vya chini ambavyo mchezaji huvichezesha kwa vidole. Georgine alikuwa akirudisha rangi iliyoliwa, akinyoosha vidirisha vya taa vilivyozama, akipiga msasa, kisha akipuliza klia mikono mitatu mpaka ubao ung'ae kama maji ya kisima. Ubao mzima usio na doa aliupaka kwa dola mia nne. Zaidi ya hapo, kila kidonda kilikuwa na bei yake.

Kupanga bei alifundishwa na baba yake, Otto, katika karakana yao ya zamani ya Barabara ya Cermak. Mzee Otto hakuandika bei kwa tarakimu. Aliiandika kwa penseli chini ya ubao, kwa herufi za neno moja, Pardubice, mji aliotoka babu yao kabla ya kuvuka bahari. Neno hilo lina herufi tisa na hakuna hata moja inayojirudia. P ilikuwa moja, A mbili, R tatu, D nne, na kuendelea hivyo mpaka E, ambayo ilikuwa tisa. Sifuri waliiandika X. Mteja aliona herufi asijue kitu. Waliolijua neno hilo walikuwa watu watatu tu duniani, Otto na wanawe wawili, na Otto alikuwa amekwisha kufa.

Kilichomwondoa Rudy nyumbani kilikuwa herufi moja. Mwaka 1987 alitengeneza ubao wa mashine ya Zelenka, mwenye baa, ambaye mkewe alikuwa hospitalini. Akamletea baba yake dola mia moja na hamsini. Wiki tatu baadaye Georgine alikwenda kwenye baa ile kubadilisha taa iliyoungua. Alipoinua ubao aliona RUX. Mia tatu na hamsini. Jioni, wakiwa mezani mbele ya bata wa kuoka na kabichi chachu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Rudy, zile mia mbili ziko wapi?"

Rudy alisema aliandika P. Alisema alimpunguzia Zelenka kwa sababu ya mkewe. Baba yao alitua uma. Georgine ndiye aliyekuwa akichanganya rangi zote za karakana. Aliweza kutofautisha bluu sita ambazo wengine waliziona moja.

"Macho ya dada yako hayajawahi kukosea," mzee alisema.

"Basi muulize Zelenka."

"Nimuulize mteja alinilipa ngapi? Niivue nguo familia yangu barabarani?"

Rudy aliondoka kabla ya Jumapili. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mzee akiwa kaburini, baa ya Zelenka ilifungwa na ule ubao ukaletwa kwa Georgine. Aliuweka chini ya taa kali. Akachukua kifutio na kuisugua ile R polepole. Duara likafutika, mstari wa wima ukafutika. Mguu wa mshazari ulibaki pale pale, kwa sababu haukuwa penseli. Ulikuwa mkwaruzo wa bisibisi.

Alimwandikia Rudy barua tatu, kwa anwani ya mwisho aliyokuwa nayo. Zote tatu zilirudi. Tangu siku hiyo hakuna ubao ulioingia gerejini asiupindue.

Jumamosi moja ya Machi 2009, theluji ikiwa imeanza kuwa tope, Curtis Lindqvist aliegesha pikapu yake mlangoni. Alikuwa mwalimu wa michezo kutoka Rockford, mtu mrefu mwenye sauti ya uwanjani. Alikuwa ameukumbatia ubao uliofungwa kwa mfarishi.

"Polepole, mama. Huyu ni mwanangu. Ukimdondosha nitalia hapa hapa."

"Ukitaka kulia toka nje. Machozi yanaharibu klia."

"Naona ile sifa ya upole waliyokupa mtandaoni ilitiwa chumvi."

Waliulaza mezani. Georgine akaupindua. Waya na vyuma vilikuwa vimekwisha kuondolewa, ukabaki mti mtupu wenye matundu, na kwenye kona ya kulia, kwa penseli nene ya seremala, paliandikwa pAUX.

Aliisoma mara moja tu. Elfu moja mia mbili na hamsini. Herufi tatu za mwisho zilikuwa kubwa, zimesimama wima kama alivyofundisha baba yao. Ya kwanza ilikuwa p ndogo, mkia wake umeshuka chini ya mstari, p ya mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna mtu ambaye angeweza kuisoma kama R, hata ikikwaruzwa na bisibisi kumi. Georgine alishika ukingo wa meza.

"Vipi?" Lindqvist akauliza. "Umeoza?"

"Nani aliuona kabla yangu?"

"Aa, hilo." Lindqvist alijikuna shingo. "Kuna mzee mmoja Dubuque, kule kwenye Mississippi. Rudy Kay. Mchungu kama ndimu, lakini wanasema mikono anayo. Alitaka elfu moja mia mbili na hamsini. Nikamwambia, mzee, nataka klia, sinunui kanisa. Nipunguzie kidogo. Unajua alinijibu nini? Alisema alishawahi kupunguza mara moja, na ilimgharimu kuliko nyumba."

Kay. Alikuwa amelikata jina lao na kubaki na herufi ya kwanza, K, kama inavyotamkwa kwa Kiingereza, na ndiyo maana barua hazikufika. Na Dubuque ilikuwa mwendo wa saa tatu. Miaka yote hiyo alikuwa akimfikiria California, au Texas, au chini ya udongo, kumbe angeweza kunywa chai ya asubuhi kwake na kufika kwa mdogo wake kabla ya chakula cha mchana.

"Sasa, mama," Lindqvist aliendelea, "mimi najua wewe ni muungwana. Nifanyie mia tisa, pesa taslimu, leo leo."

Kazi zilikuwa chache tangu Krismasi. Mia tisa zingelipa gesi na kodi ya nyumba. Lakini hilo halikuwa lililomkalia kifuani. Kama angesema mia tisa, ingekuwa mara ya pili kumwambia mtu kwamba bei ya Rudy si ya kweli.

"Nenda ukanywe kahawa hapo kona," alisema. "Rudi baada ya saa moja."

"Saa moja ya kuangalia ubao?"

"Bibi yangu alikuwa akiangalia nyanya moja kwa muda mrefu kuliko huo."

Alipobaki peke yake alifunika ile kona kwa kitambaa, asije akavutwa na bei ya mwingine, akaanza kupanga yake. Mbele ya kipigio cha kushoto mti ulikuwa uchi, upana wa kiganja. Mchoro ulikuwa wa sarakasi mwezini, na bluu ya anga ilikuwa imepauka upande mmoja tu, maana yake mashine ilikaa miaka mingi karibu na dirisha. Vidirisha kumi na kimoja vilikuwa vimezama. Uso wa mcheza kamba ulikuwa umepoteza jicho. Kila kitu alikipa saa zake, na saa akazipa bei. Jumla ikatoka elfu moja mia mbili na thelathini.

Alikaa akiitazama. Dola ishirini tu. Angeweza kuridhika, kwani mafundi wawili hawapati hesabu moja. Lakini alimjua Rudy. Rudy hakuwa akibahatisha dola ishirini. Akachukua taa ya mkononi, akaulalisha mwanga juu ya ubao kutoka pembeni, akapita inchi kwa inchi. Kulizunguka tundu la katikati, vanishi ya kiwandani ilikuwa imeanza kuachana na rangi, pete nyembamba kama ukucha. Klia ikipulizwa juu yake ingefanya mapovu ndani ya mwezi mmoja. Ilibidi ikwanguliwe kwanza kwa wembe, kazi ya nusu saa. Pembeni ya pete hiyo, hafifu sana, palikuwa na nukta ya penseli.

Yeye hakuiona pete. Rudy aliiona.

Lindqvist aliporudi alikuta mfarishi umekwisha kufungwa upya.

"Elfu moja mia mbili na hamsini," Georgine alisema.

Lindqvist alicheka, kisha akaacha. "Nyinyi wawili mmepatana. Mmepigiana simu."

"Hatujaongea tangu mwaka themanini na saba."

"Eh." Mwalimu alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Aliwahi kuwa mumeo?"

"Mdogo wangu. Mrudishie ubao huu, baba. Aliyekupa bei hii aliuona kuliko mimi. Ukija kwangu utapata kazi nzuri. Ukienda kwake utapata kazi ambayo wajukuu zako watagombania. Na usibishane naye tena."

"Nimeendesha saa moja na nusu kwenye tope ili niambiwe nigeuze gari?"

"Na uniachie namba yake ya simu."

Alimwachia kadi ya Rudy. Lindqvist aliondoka akinung'unika, lakini aliondoka kwa mwendo wa taratibu, kama mtu aliyebeba kitu ambacho thamani yake imepanda njiani.

Jumapili hakupiga. Jumatatu asubuhi alisafisha bunduki ya kupulizia ambayo ilikuwa safi. Saa nne alikaa kwenye kiti cha gerejini, akabonyeza namba, akasikiliza mlio.

"Kay."

Sauti ilikuwa ya baba yao. Hilo hakulitegemea. Aliyokuwa ameyapanga yote yakamtoka.

"Habari za kazi," alisema. "Natafuta bei ya klia."

"Mashine gani?"

"Sarakasi ya mwezini."

"Ninayo moja hapa sasa hivi. Imerudishwa jana. Kuna mwanamke wa Berwyn kamwambia mwenyewe airudishe. Jamaa hakunitajia jina. Nilitaka kuuliza, nikaona nisiulize."

"Rudy. Ilikuwa P."

Upande wa pili kulisikika mashine ya upepo wa kupulizia klia ikijaa, kisha ikanyamaza.

"Najua ilikuwa P," Rudy alisema. "Si mimi niliyeiandika?"

"Ulikuwa mkwaruzo. Niliusugua kwa kifutio, mwaka tisini na tisa. Nilikuandikia mara tatu."

"Uliandika kwa jina gani?"

"La kwetu."

"Hilo nililiacha."

"Nimeambiwa."

Alimsikia akivuta pumzi kupitia pua, kama mtu anayejizuia kukohoa. "Mzee alijua?"

Hili ndilo swali aliloliogopa kwa miaka kumi. Angeweza kumpa uongo mdogo, wa kutuliza. "Hapana," alisema. "Alikufa akiyaamini macho yangu."

"Niliona gazetini alipokufa. Siku ya mazishi nilifika mpaka kituo cha mafuta pale Cermak. Nikanunua kahawa, nikageuza."

"Kile cha karibu na kanisa?"

"Kile kile."

"Nilikuwa kanisani, Rudy. Mita mia."

Georgine aliihamishia simu sikio la pili. Alitaka kusema nisamehe, lakini neno hilo aliliona dogo mno, kama kuziba tundu la ngumi kwa rangi ya kucha. Akasema, "Ile pete ya katikati sikuiona mpaka nilipolaza taa."

"Ulifika ngapi kabla?"

"Elfu moja mia mbili na thelathini."

"Si vibaya." Kisha akasema kwa haraka, "Sikiliza. Nina ubao mwingine mezani. Mkono wa kwanza umeanza kushika, na nisipopiga wa pili ndani ya dakika nne nitalazimika kuanza upya."

"Nenda basi. Kazi ni kazi."

"Usikate."

"Sikati."

Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu. Alisikia barakoa ikivutwa na mashine ya upepo ikiamka, halafu bunduki ikaanza kuzomea, mstari mrefu, kimya kifupi, mstari mrefu. Hakuwa na haraka. Georgine alifumba macho akaanza kuhesabu mistari, na kwa kuhesabu akajua ukubwa wa ubao, akajua Rudy amesimama upande gani wa meza, akajua amefika katikati na sasa anashuka kuelekea vipigio. Mara moja bunduki ilikatika kabla ya wakati wake. Georgine aliacha kupumua. Kisha ikaendelea pale ilipoachia.

Gari la barua lilipita nje. Hakufungua mlango.

Mwishowe bunduki ilinyamaza, na mashine ya upepo nayo ikanyamaza. Nyayo zilikwenda mbali, maji yakafunguliwa, yakafungwa. Kwa muda mrefu hapakuwa na sauti yoyote, akadhani laini imekatika. Nyayo zikarudi polepole, zikasimama karibu na simu bila kuiinua.

"Upo?" Rudy akauliza hatimaye.

"Nipo."

"Ngoja nivute kiti."