Kidonge Nilichokimeza Mara Mbili

Mume wangu alirudi kutoka Ikwiriri Alhamisi jioni, ufuta wake ameuza vizuri, mkononi ana kitenge changu na mfuko wa tende za mama yake. Alikuwa ametoka tangu masika. Tulifurahi kama wanavyofurahi mke na mume waliokumbukana. Asubuhi, nikiwa nachochea moto wa uji, ndipo nikakumbuka sindano.

Ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Nilipaswa kwenda kuchomwa nyingine masika, lakini mto ulifurika, usafiri ukawa wa kubahatisha, na kwa kuwa mwenye nyumba hayupo nikaona haina haraka. Masika yalikuwa yameisha zamani. Na mtoto wetu mdogo alikuwa bado ananyonya, hata kusimama hajajua.

Nilimweleza mume wangu. Hakukasirika. Alichukua mwiko akakoroga uji yeye mwenyewe, kisha akasema, "Kule Ikwiriri nimesikia watu wakizungumzia vidonge vya dharura. P2. Mwanamke anameza baada ya kulala na mumewe."

"Baada?"

"Baada. Ila asichelewe."

Huku kwetu delta huwezi kusema unakwenda mjini ukaenda. Unasubiri boti. Ya kwanza ilikuwa Jumamosi alfajiri, na ndani yake nikamkuta wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anakwenda Kibiti kununua vyombo vya harusi ya binti yake. Nikamwambia nafuata dawa ya macho.

Kibiti tuliachana sokoni. Duka la dawa lilikuwa limejaa wanaume. Nikanong'ona, "Naomba dawa ya dharura."

"Dharura gani, mama?" muuzaji akauliza kwa sauti yake ya kawaida. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa mikoa ya bara. Wanaume wote wakanigeukia.

"Ya usiku," nikasema.

Akaelewa. Akanivuta nyuma ya kabati, akaniuliza ni lini. Nikamwambia usiku wa kuamkia jana.

"Umewahi," akasema. "Hii inataka imezwe ndani ya siku tatu. Mpaka ya tano inaweza kusaidia, lakini kila ukichelewa nguvu yake inapungua. Meza hapa hapa."

"Inatoa mimba?" Hilo ndilo lililokuwa likinikaa rohoni.

"Hapana. Inachelewesha yai lisitoke. Mimba ikiwa imeshaingia, kidonge hiki hakiigusi."

Nikamuuliza kuhusu kunyonyesha, akasema haidhuru. Kisha akanishika bega. "Nisikilize vizuri. Ukitapika kabla ya masaa mawili kupita, hesabu hujameza, urudie. Na kinakusaidia kwa lililopita, si kwa la kesho. Kesho mtumie kondomu mpaka upate njia yako ya kudumu. Hiki hakizuii Ukimwi, wala si cha kumeza kila wiki kama karanga."

Nikameza kwa maji, tumbo tupu, maana tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu kinywani. Nikamkuta wifi ananisubiri na masufuria yake, tukapanda bodaboda kurudi gatini. Njia ile ina mashimo, na kila shimo lilinipanda kifuani. Tulipofika, harufu ya dagaa walioanikwa na dizeli ikamalizia kazi. Nikainama pembeni nikatapika.

"Hongera, wifi," wifi yangu akasema, akinipigapiga mgongo. Hakusema polepole. Wanawake waliokuwa wakisubiri boti wakaitikia mashaallah, mmoja akanipa ndimu ninuse.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamvuta nyuma ya matenga ya samaki, nikamwambia kila kitu.

Akanitazama. "Kwa hiyo hayo ndiyo macho yanayokuuma."

"Ndiyo, wifi. Na dawa nimeitapika. Inabidi nimeze nyingine."

Nilidhani atanisema kwa mdogo wake. Badala yake akauliza, taratibu, "Inafanya kazi kweli? Mimi niliambiwa ninywe soda iliyokorogwa chumvi."

"Ikasaidia?"

"Isaidie nini. Yule wangu wa nne ndiye hiyo soda."

Maji yalikuwa bado hayajajaa, boti imelala kwenye tope. Akatua masufuria, akanishika mkono tukaenda zahanati iliyo karibu na gati. Muuguzi alinihoji, akaniambia nile kwanza. Wifi akaninunulia chapati na chai ya rangi, akanisimamia mpaka nimemaliza, ndipo nikameza kidonge cha pili. Muuguzi akatuambia hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa kidogo, ila ikipitiliza wiki nikapime. Akatuonyesha na kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kukaa miaka. Wifi ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko mimi.

Kwenye boti alinikalisha katikati, mahali pasipotikisika, na kila aliyenigusa alikemewa. Wenzetu waliona ni heshima ya mjamzito. Hatukuwasahihisha.

Hapo tulikosea, maana habari ilitutangulia kufika. Kesho yake mama mkwe alituletea kuku mzima, amefungwa miguu, wa kumpa nguvu mwenye tumbo. Mume wangu alimkalisha mama yake mkekani akamweleza, bila kuficha, kwamba mtoto bado mdogo na tumeona tupumzike kwanza. Mama akala tende moja, kisha ya pili.

"Sisi tulikuwa tunaambiwa tumlee mtoto mpaka ajue kutumwa, ndipo tubebe mwingine," akasema. "Basi kuku achinjwe. Sirudi naye."

Tukamla kwa wali wa mpunga mpya. Siku zangu zilichelewa kidogo, nikaanza kuhesabu kwa vidole, kisha zikaja. Siku hiyo niliosha vyombo nikiimba, mume wangu akajua bila kuambiwa.

Mwezi uliofuata nilivuka tena kwenda kuwekewa kijiti. Wifi, naye akifuata kijiti chake, alikuwa ameshafika gatini kabla yangu, amevaa khanga mpya, ameketi na mumewe. Shemeji alinisalimia huku anaangalia maji.