Jirani Aliyeegesha Mlangoni Kwangu

Ipo jioni moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani hadi leo. Nakusimulia kwa sababu jana ulinipigia simu ukiwaka moto: jirani ameegesha tena gari lake kwenye uwanja wa nyumba uliyopanga, hakuomba, na sasa unataka umpeleke serikali ya mtaa. Ngoja kwanza. Hapa nyumbani siku hizi hakuna anayeniharakisha, kwa hiyo na wewe usiniharakishe.

Nilikuwa kijana, nimepanga chumba kwa Mama Ndekirwa kule Sombetini. Alikuwa mjane, Mmeru wa Nkoaranga, watoto wake wametawanyika. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne kwa shule ya jioni, elimu imenijaa hadi nikiinamisha kichwa inamwagika. Nilikuwa na kipikapu kibovu cha kubebea ndizi kutoka Maji ya Chai. Kikikohoa Tengeru, watu wa Sombetini wanajua naja. Mahali pake pa kulala palikuwa mbele ya mlango wangu. Tulipatana hivyo na mama siku ile ile nilipohamia.

Sasa alikuwepo jirani yetu, Temba, Mchaga, fundi wa kuchomelea mageti. Kwake hapakuwa na pa kuweka gari. Kila jioni analileta, analiweka pale pale pangu, hodi hakuna. Lilibanana na mlango hadi nikawa natoka ubavu ubavu, nimevuta tumbo, naapa nimepungua nusu ya mwili. Kipikapu changu kinalala barabarani kama mlevi.

Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Kwa Temba sikupita, wala sikumwambia neno. Nilihutubia pale, mwanangu, mpaka kuku wa balozi wakaacha kudonoa. Nikasema "uvamizi", nikasema "haki za mpangaji". Temba akaitwa, akasimama kofia mkononi.

"Kumbe ilikuwa inakukera?" akaniuliza. "Si ungeniambia tu, kaka?"

"Wewe uliniomba lini?"

Watu wakacheka. Balozi akanipa haki, na kweli haki ilikuwa yangu. Hapo hata leo sirudi nyuma. Temba akaliondoa gari jioni ile ile, akaenda kuliweka kwenye gereji karibu na barabara kuu.

Nikaingiza kipikapu changu kwa mbwembwe, na honi nikapiga. Mama Ndekirwa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake. Hakuinua kichwa. Pembeni yake palikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili.

Hilo nilikuwa silijui, maana kwa kawaida nilirudi mama ameshaingia ndani. Kumbe Temba kila alipozima gari alikuwa anapita kwake kwanza. "Shikamoo mama, mgongo unaendeleaje?" Anakunywa kikombe, anamsimulia geti gani leo limegoma kufunga, mama anacheka, ndipo anakwenda kwake.

Siku zikapita. Gari likisikika njiani, mama anageuza shingo. Halisimami. Chai anairudisha ndani. Mwisho akaniita.

"Umesoma, mwanangu, sikatai. Lakini huyu mtu mnapakana ukuta. Ulifikaje kwa balozi kabla hujafika kwake?"

"Mama, mkosaji ni yeye."

"Nimesema hakukosa? Wewe uliona gari. Mimi nilikuwa nangoja mtu."

Akanyanyuka taratibu hadi kwenye ua wa masale, ule mmea ambao Wameru na Wachaga huupanda mipakani. Akakata jani, akalifunga fundo, akanipa. Kwao ukimpelekea mtu isale umeomba yaishe, naye si rahisi akatae.

Nikaenda. Temba akalipokea kwa mikono miwili. "Yameisha, kaka," akasema, nami naamini yaliisha. Nikamsihi alirudishe gari, tutabanana. Akatabasamu. "Nimeshazoea kule."

Salamu zilirudi, mwanangu. Zile jioni hazikurudi. Akipita, anapita kwa haraka, anasalimia amesimama. Nikajaribu kukaa mimi kwenye kile kikombe cha pili. Nikamsimulia mama bei ya ndizi kwa madoido yote niliyonayo, naye akanisikiliza kwa adabu, jicho liko njiani.

Leo nina nyumba yangu, na uwanjani kwake ndege ya abiria inaweza kugeuka. Ninyi mko mbali, mama yenu ametangulia. Kuna asubuhi Mlima Meru unatoka wazi kabisa, na sina wa kumwambia, "Umeuona leo?" Juzi juzi kijana wa nyumba ya pili akaanza kulaza bajaji yake uwanjani kwangu. Hodi hakuna. Nikatoka nimekunja uso.

"Hapa pana sharti."

"Shikamoo mzee. Nisamehe, naitoa sasa hivi."

"Nani kasema uitoe? Sharti ni kwamba ukishaizima, ufike mlangoni."

Basi mwanangu, kesho nenda kwa jirani yako mchana kweupe, hodi upige wewe. Msalimie, mwulize habari za nyumbani kwake. Halafu mwambie wazi kwamba pale ni pako, kwamba anakuzibia, na saa unazotoka azijue. Usinyamaze mpaka hasira ikakuivia tumboni. Akikataa, mwone mwenye nyumba. Akizidi kukataa, nenda serikali ya mtaa, hakuna atakayekulaumu. Lakini fika huko ukiwa umeshakaa kwenye kiti cha jirani yako. Haki yako ni yako, idai. Ila angalia usije ukabaki na uwanja mtupu na wewe peke yako katikati.

Naisikia bajaji inakata kona, na chai bado ya moto. Mungu akupe pa kuegesha, mwanangu, na akupe mtu wa kuzima gari lake mlangoni kwako akasema shikamoo.